Kodi Yangu Inachagua Vitunguu

Mimi nina hasira za karibu, na sitaki kuambiwa hasira hasara. Hiyo nimeimbiwa na mama tangu nikiwa na meno ya utoto. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilifanya nilichofanya kwa kupenda haki. Watu walisema ni kwa kupenda haki. Manispaa ikanipa na barua.

Ilikuwa Jumanne. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina chumba cha kupanga chenye vyerehani vitano na mafundi watatu ninaowalipa mimi. Asubuhi hiyo nilifika nikakuta mlango umepigwa kufuli na watu wa mapato, na karatasi imebandikwa juu yake kila mpita njia aisome. Nilikuwa nimechelewa kulipa kwa siku tisa. Siku tisa, mwezi ambao shule zenyewe hazijanilipa hata senti. Nikaenda ofisini kwao nikapanga foleni tangu saa mbili mpaka saa sita mchana, nimesimama, maana kiti kilikuwa kimoja na mlinzi alikuwa amekikalia. Nikalipa kodi, nikalipa na faini, kisha nikaambiwa mtu wa kuja kufungua kufuli amekwenda kula.

Nikatoka pale. Nikakata kupitia sokoni, na hapo nikaliona gari la zimamoto.

Lilikuwa limeegeshwa mbele ya meza za mboga, jekundu, refu kuliko chumba changu cha kazi, injini inanguruma. Wanaume wanne wenye buti na suruali za kazi walikuwa wamezunguka meza. Mmoja anabonyeza nyanya. Mmoja anagombania bei ya kabichi kama vile anaoa. Mmoja amesimama karibu na mlango wa gari, redio sikioni. Na wa nne, mrefu, ameshika kitunguu kila mkono anacheka mpaka mabega yanatikisika. Huyo alikuwa mdogo wangu, tumbo moja.

Mtu mwenye akili angemsalimia. Mimi nilitoa simu nikapiga picha tatu. Aliinua uso akaniona, akaninyanyulia vile vitunguu, akazidi kucheka. Sikumpungia. Nikaenda zangu mpaka mlangoni kwangu penye kufuli, nikakaa chini kwenye ngazi, nikatuma picha moja kwenye kundi la wafanyabiashara wa mji. Chini yake nikaandika: "Kodi yangu inachagua vitunguu. Mafuta ya gari, mshahara wa wanaume wanne, saa za kazi. Mimi nimefungiwa mlango."

Kufikia jioni picha ilikuwa imefika kwa watu nisiowajua. Kila mtu alikuwa na lake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliuliza kama zimamoto wanatuletea na mchuzi. Mwingine akasema ndiyo maana barabara ya kwao haina lami. Simu ililia mpaka ikaisha chaji, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilihisi kuna mtu amenisikia.

Kesho yake jioni mdogo wangu alikuja kula kwa mama. Zimamoto wanafanya zamu ya saa ishirini na nne, kisha wanapumzika, na siku zake za mapumziko alikuwa hakosi kwenye meza ya mama. Mimi nilikuwepo. Alinawa, akakaa, akanitazama.

"Dada, ni wewe uliyeituma ile picha?"

"Ni mimi. Kwani ni ya uongo?"

"Si ya uongo." Akasogeza sahani. "Mimi nilipokuona nilijua unapiga ya kumwonyesha mama. Nikajiweka vizuri kabisa."

Hapo ningenyamaza. Roho iliniuma kidogo, lakini mimi nikiumwa nazidisha mdomo.

"Ningemwonyesha nini mama? Mwanawe anavyofanya sokoni saa za kazi?"

"Tunakula kwa pesa yetu, unajua? Tunachanga. Manispaa haitupi hata chumvi."

"Na mafuta ya gari, hayo mnachanga?"

"Tunakwenda wote kwa sababu zamu haigawanyiki. Simu ikipigwa tukiwa sokoni, tunatupa nyanya chini, tunapanda, tumekwenda. Akitoka mmoja kwa miguu..."

"Mmegandishwa kwa gundi? Watu wazima wanne mnashindwa kumtuma mmoja akanunue kabichi?"

"Dada, sikiliza. Kwenye moshi tunaingia wawili. Dereva hawezi kuacha pampu, mkuu wa zamu..."

"Usinisomeshe," nikamwambia. "Nimesimama saa nne kwenye foleni ili wewe ulipwe mshahara."

Mama aligonga meza kwa kijiko. "Nyie, chakula kinapoa."

Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, akamuaga mama peke yake. Nami nikajisemea atajiju, maneno ya kweli hayachagui ndugu. Ile sentensi yake sikuimalizia kichwani. Sikuona sababu.

Wiki mbili baadaye manispaa ikatoa waraka. Gari la zimamoto lisitoke kituoni isipokuwa kwa wito wa dharura. Mahitaji ya chakula yashughulikiwe na mtumishi mmoja, kwa miguu, kwa muda usiozidi nusu saa. Mwenyekiti wa kamati ya matumizi aliniita ofisini kwake, akanipa mkono na barua ya shukrani iliyoniita raia wa mfano. Mtu mnene mwenye sauti ya upole, anayekwita mama hata kama amekuzidi miaka ishirini. Barua nikaitia kwenye fremu, nikaitundika karibu na kioo cha kujaribia nguo. Wateja wakisubiri vipimo wanaisoma. "Fundi umewakomesha," wananiambia, na mimi nacheka na pini mdomoni.

Mdogo wangu alikuwa na mwenzake wa kuingia naye motoni, miaka sita sasa. Wanamwita Chumvi, kwa sababu ndiye mpishi wa zamu na mkono wake hauna kipimo. Wote wanamlalamikia na wote wanamaliza sahani. Chumvi ndiye anayejua kununua, hivyo baada ya waraka ndiye aliyekuwa akitoka na kikapu. Kutoka kituoni mpaka sokoni ni dakika kumi na mbili kwa mtu anayetembea haraka. Nimeshaitembea mwenyewe tangu wakati ule, na saa mkononi.

Yaliyofuata sikuyaona. Nilikuwa nashona vifungo. Nimesimuliwa na Chumvi na dereva, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana hata neno.

Ilikuwa saa saba kasoro mchana. Simu ikaingia kituoni: jengo la ghorofa moja, chini maduka, juu vyumba vya kupanga, jiko la gesi limelipuka. Chumvi alikuwa sokoni ameinamia viazi. Akaitwa kwa redio. Moto wenyewe ulikuwa upande wa pili wa mji, na kumfuata sokoni ni kupoteza dakika ambazo hazipo. Mkuu wa zamu akaamua waende watatu. Chumvi akaliona gari likipita mwisho wa barabara, king'ora kinalia, naye amesimama na kikapu. Akasimamisha pikipiki.

Walipofika, moshi ulikuwa unatoka madirisha yote ya juu. Dereva akashika pampu; pampu haiachwi, ukiiacha mpira wa maji unakuwa kamba tu. Mkuu wa zamu akakaa nje kuongoza, maana asipokuwepo nje mtu wa kuhesabu nani yuko ndani, watu wanasahaulika. Akabaki mdogo wangu, amevaa barakoa na mtungi wa hewa mgongoni, peke yake. Na kanuni yao ya kwanza kabisa, ile wanayofundishwa kabla ya kufundishwa kufunga buti, ni kwamba hakuna anayeingia peke yake.

"Subiri Chumvi," mkuu wa zamu akamwambia. "Yuko njiani."

Juu kulikuwa na mzee mmoja, fundi viatu mstaafu, miguu haimbebi. Binti yake alikuwa nje amejikunyata ukutani, amelia mpaka sauti imekauka, anaonyesha dirisha kwa kidole tu. Na watu walikuwa wamejaa. Unawajua watu. Simu zote zilikuwa juu. Wanaona zimamoto mmoja amevaa kila kitu, amesimama mlangoni, haingii. Dakika ya kwanza wakanyamaza. Ya pili wakaanza kuguna. Kisha sauti moja nyuma ikasema, wala si kwa kupiga kelele, dereva anasema ilikuwa sauti ya mtu anayetania:

"Mnangoja vitunguu?"

Watu wakacheka. Nyumba inaungua, mzee yuko juu, na watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Kodi yetu hiyo, imesimama." Yalikuwa maneno yangu. Niliyaandika mimi, nimekaa kwenye ngazi zangu, na yalikuwa yamezunguka mji mpaka yamekuwa methali.

Mkuu wa zamu anasema alimshika mkono. Dereva anasema alimwona akimshika mkono. Mdogo wangu akaushusha ule mkono polepole, kama mtu anayemwambia mgeni usijali, akaingia.

Watu wawili wakiwa na machela wangemtoa yule mzee kwa dakika nne. Mtu mmoja ilibidi amkokote kwenye blanketi, ngazi kwa ngazi, anasimama, anamweka sawa, anaendelea. Mtungi una filimbi inayolia hewa ikibaki kidogo. Waliisikia ikilia ndani ya moshi, ikalia mpaka ikanyamaza. Katikati ya ngazi alivua barakoa. Chumvi alifika na ile pikipiki wakati mdogo wangu anatokeza mlangoni, anarudi kinyumenyume, amelishika blanketi kwa mikono miwili, uso mweusi tii. Chumvi bado alikuwa na kikapu. Anasema hajui kwa nini hakukiacha sokoni. Mtu mzima yule, analia akinisimulia hilo la kikapu kuliko mengine yote.

Mzee alipona. Siku ya nne alikuwa ameketi kitandani anadai chai. Nafurahi alipona, na kuna siku sifurahi, na sitaomba radhi kwa hilo pia.

Mdogo wangu mapafu yaliungua kwa ndani. Daktari, mwanamke mkavu asiyezungushazungusha, alinieleza kwenye korido kwamba hayatarudi yalivyokuwa. Akipata mtambo wa oksijeni nyumbani, na dawa zake bila kukatika, na kliniki kila mwezi, ataishi. Asipopata, maambukizi ya kwanza yatamchukua. Nikamuuliza ni nani analipia. Akasema mtumishi aliyeumia kazini hulipiwa na manispaa, mradi kamati ithibitishe kwamba alifuata utaratibu. Nikashusha pumzi. Kamati hiyo naijua, nikasema moyoni, mwenyekiti wake amenipa barua.

Siku ya kikao nilivaa gauni langu jeusi. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji na watu saba. Mkuu wa zamu ndiye aliyeitwa kwanza. Aliulizwa swali moja: ulimwamuru aingie? Akasema hapana, nilimwambia asubiri. Akakaa chini hakunitazama. Simchukii. Ana watoto wanne na alisema kweli.

Kisha nikaitwa mimi, na mwenyekiti akatabasamu. "Huyu mama tunamfahamu," akawaambia wenzake. "Ndiye raia wetu wa mfano."

Nikawaambia yote. Kwamba zamu ni watu wanne, na wanne maana yake ni wawili ndani, mmoja kwenye pampu na mmoja nje. Kwamba walikuwa wakienda sokoni na gari ili wasigawanyike. Niliieleza vizuri kuliko mdogo wangu alivyotaka kunieleza mezani kwa mama, kwa sababu mimi hakuna aliyenikatiza.

"Aliingia peke yake," nikamalizia, "kwa sababu mwenzake mlimtuma sokoni kwa miguu."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hatukumtuma sisi, mama. Sisi tulifuata maoni ya walipa kodi."

Na akanitazama kwa upole wote wa dunia.

"Basi nimekosea," nikasema. "Andikeni hivyo. Andikeni kwamba mlipa kodi alikosea. Lakini mtibuni."

"Mama, sisi tunamshukuru kijana. Ni shujaa, hilo hatubishi. Lakini mfuko wa matibabu ni jasho la wananchi. Kanuni inasema asiingie peke yake, na aliingia peke yake, tena amekatazwa. Tukianza kulipa kwa huruma, kesho utakuja kutupiga picha sisi." Mmoja wa wale saba akacheka kidogo puani. "Tunailinda kodi yako. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuamsha."

Nikachukua mkoba wangu. Nikatoka mle.

Usiku huo niliandika tena kwenye lile kundi. Niliandika kwa adabu, nikaeleza kila kitu, nikaweka picha yake ya hospitali. Ile ya vitunguu ilikuwa imesambazwa na watu elfu kadhaa. Hii ilipata watu kumi na mmoja. Wengi walisema pole. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliuliza, "Kwani alilazimishwa kuingia?" Asubuhi yake mtu akatangaza mabati ya bei nafuu, na ujumbe wangu ukapanda juu ukapotea.

Basi nikauza vyerehani. Vinne kati ya vitano, pamoja na meza ya kukatia, na mafundi wangu nikawaaga wawili wakiwa wanalia na mmoja akiwa amenuna. Barua niliitoa kwenye fremu nikaichana, fremu nikaiuza pia. Mtambo ukaja, mkubwa kiasi cha begi la safari, unavuma mchana kutwa. Tukauweka chumbani kwa mama, karibu na dirisha, ndipo anapolala mdogo wangu siku hizi.

Alipouliza, nilikuwa nainua mto wake.

"Kamati... wamesemaje?"

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Lakini mtu anayevuta hewa kwa mpira wa puani, anayepumzika kati ya neno na neno, utamwambiaje kwamba watu aliokaribia kuwafia hawakuona sababu ya kumlipia? Na akijua ni mimi ninayelipa, mtambo ataung'oa. Namjua. Tumetoka tumbo moja.

"Wamekubali," nikamwambia. "Wanalipa kila kitu."

Alifumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, akayaacha. Mama alikuwa mlangoni. Mama hafichwi jambo, alijua palepale. Alinivuta jikoni akaniambia neno moja tu: "Usimwambie." Tangu siku hiyo hatujalizungumza.

Jumapili iliyopita zamu nzima ilikuja kumtazama, wameketi kitandani na kwenye mikeka, wanataniana kwa sauti ya chini. Chumvi alikuja na chakula alichopika. Mdogo wangu akalamba kijiko, akasema, kwa mapumziko mawili, kwamba hata mapafu yake yamehisi chumvi. Wakacheka wote. Mimi nilikuwa pembeni napinda suruali ya mteja kwa mkono.

"Mnajua," akawaambia, "manispaa... hawakunitupa. Mtambo huu... ni wao. Dawa... wao."

Chumvi aligeuza uso akanitazama. Mkuu wa zamu akatazama sakafu. Hakuna aliyesema kitu, na Mungu awabariki kwa hilo.

"Dada."

"Naam."

"Unaiona... kodi yako? Inafanya kazi."

"Naiona," nikasema.

"Basi waandikie. Kwenye lile kundi lako. Waambie... asante. Wale waliosema... vibaya... nao wajue."

Nikasema nitaandika baadaye. Akasema hapana, sasa, asikie. Wanaume wanne wazima wakanitazama nikitoa simu. Nikaandika: "Kwa niaba ya mdogo wangu na familia, naishukuru manispaa, kamati ya matumizi na walipa kodi wote, kwa matibabu yake." Akataka nimsomee. Nikamsomea. Akasema hapo kwenye walipa kodi nimefanya vizuri, nitume.

Nikatuma. Sikuwa nimeiweka simu chini ilipolia. Mwenyekiti alikuwa amejibu: "Karibu sana, mama. Ni wajibu wetu. Tuko pamoja."

"Nani huyo?" mdogo wangu akauliza.

"Mwenyekiti."

"Nisomee."

Nikamsomea.